Fundi wa Picha Awajibu Wasomaji: Kamera Mbele ya Theluji

Barua za mwezi huu zimenishangaza. Nimezoea kuulizwa bei ya kamera za mtumba na namna ya kupiga picha za harusi ndani ya ukumbi wenye giza, lakini safari hii nimeletewa barua tatu ndefu na mbili fupi, zote zikihusu theluji, na karibu zote zikitoka hapa hapa Nairobi, mji ambao mtu huvaa sweta mbili mwezi wa Julai akadhani amekwisha kukutana na baridi. Nimeziweka pamoja kwa kuwa atakayesoma jibu la mwenzake atapata nusu ya jibu lake mwenyewe.

Swali

Kwako Fundi wa Picha. Mimi ni mwanafunzi wa chuo na ninaishi Umoja. Mwezi Februari tulipanda Mlima Kenya tukiwa watu sita kwa njia ya Sirimon, tukalala kambi ya Shipton's, kisha tukaamka saa nane usiku kuelekea kilele cha Point Lenana. Kamera niliyoazima kwa binamu yangu ilikuwa na betri iliyojaa pomoni. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri, hata jua halijachomoza, iliandika kwamba betri imekwisha, ikajizima. Tuliposhuka hadi Nanyuki niliiwasha tena nikakuta betri ina zaidi ya nusu. Binamu yangu anasema nimeiharibu na anataka nimnunulie mpya. Je, ni kweli? Na kwa kuwa tunarudi Agosti, nifanyeje?

Msomaji, Umoja

Jibu

Binamu yako hana haki ya kukudai chochote, na unaweza kumwonyesha ukurasa huu. Betri yake ni nzima, na ushahidi ni huo huo ulioueleza: ilipopata joto la Nanyuki ilirudi kazini, na betri iliyokufa hairudi.

Yaliyotokea ni haya. Umeme wa betri ya lithiamu hutokana na chembe zinazosafiri kutoka upande mmoja wa betri hadi wa pili, zikipita ndani ya kiowevu. Baridi inapozidi, kiowevu hicho huwa kizito na mwendo wa chembe hupungua, kwa hiyo kamera inapovuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, kwa mfano inapoizungusha lenzi kutafuta fokasi, yaani ukali wa picha, volteji huporomoka. Kamera nyingi hukadiria chaji iliyobaki kwa kuitazama volteji hiyo, na zikiiona imeshuka chini ya kiwango fulani huamini kwamba betri imekwisha, zikajizima. Fikiria kopo la mafuta ya kupikia asubuhi ya Julai pale Limuru: mafuta yamo tele, ila ukiliinamisha kopo hayamiminiki. Katika nyuzijoto 20 chini ya sifuri betri iliyojaa huweza kukupa nusu tu ya picha ulizozoea, na betri kuukuu, kama ninavyoishuku hiyo ya binamu yako, hukupa pungufu ya hapo.

Mlima wetu haufiki huko kwa kawaida, lakini haukosi sana. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Point Lenana iko mita 4,985, kwa hiyo usiku ambao Nairobi ina nyuzijoto 13, kule juu tutarajie karibu 8 chini ya sifuri. Upepo nao hauwezi kuishusha kamera chini ya joto la hewa yenyewe, ijapokuwa sisi wenye ngozi hujihisi hivyo. Kazi yake ni kuifikisha huko upesi zaidi. Kamera iliyoning'inia kifuani juu ya jaketi kwa saa tatu za usiku huwa imeshapoa hadi uti wake wa ndani.

Basi Agosti nendeni na betri tatu. Moja tu ikae ndani ya kamera, na nyingine ziwe katika mfuko wa shati, chini ya sweta na jaketi, zikipata joto la mwili. Ile ya kamera ikianza kuchoka, iondoe na uweke iliyo moto, kisha ile baridi iingie mfukoni ilikotoka mwenzake. Baada ya nusu saa hivi itakuwa tayari kurudi kazini, na kwa kubadilishana namna hiyo betri tatu hufanya kazi ya tano. Usiziweke pamoja na funguo wala sarafu, kwa maana chuma kikiunganisha vituo vyake viwili betri huweza kupata moto wa hatari. Usiku lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, lakini kamera yenyewe iache katika begi lake, nje ya mfuko huo, kwa sababu atakayoisoma Mwalimu wa Buruburu hapo chini. Zima Wi-Fi, zima onyesho la picha linalokuja kila baada ya kufyatua, na utumie kidirisha cha kutazamia ikiwa kamera inacho. Skrini ikionekana nzito, picha zikijivuta kama kivuli kinachobaki nyuma ya mwenyewe, usishtuke: umajimaji ulio ndani ya kioo chake umepoa tu, na ukipata joto utachangamka.

Liko kosa moja tu ambalo lingempa binamu yako haki ya kudai. Siku hizi vijana hupanda na pauabenki, na betri inapozimika huichomeka hapo hapo kwenye baridi ili iongezwe chaji. Usithubutu. Betri ya lithiamu inapochajiwa ikiwa chini ya nyuzijoto sifuri, lithiamu haiingii mahali pake, bali hugandama juu ya ncha ya betri kama utando wa chuma, na utando huo hauondoki tena. Kuitumia betri katika baridi huichosha kwa muda. Kuichaji katika baridi huiharibu kabisa. Ipashe kwanza joto la mwili, ndipo uichaji, tena ndani ya kibanda.

Swali

Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Buruburu. Binti yangu anaishi Edmonton, nchini Kanada, na anatarajia kujifungua mwezi wa Januari, nami nitakwenda kumsaidia kulea. Ninayo kamera ndogo niliyonunuliwa na wanafunzi wangu siku ya kuniaga, na ningependa kumpiga mjukuu wangu picha, na kuipiga theluji pia ili wenzangu wa chama waione. Mkwe wangu aliniambia kwa simu kwamba kamera ikitoka nje na kuingizwa ndani "hulia machozi". Sikumwelewa, na sikupenda kumuuliza mara ya pili. Je, alimaanisha nini?

Mama, Buruburu

Jibu

Shikamoo Mwalimu, na Mungu amjalie binti yetu ajifungue salama. Mkwe wako amesema kweli tupu, na amelisema jambo ambalo wapiga picha wengi wa hapa kwetu hulijua kwa hasara. Watu huiogopa baridi iliyo nje, ilhali kamera huharibikia mlangoni, wakati wa kurudi kwenye joto.

Ikiwa unavaa miwani, umekwisha kuliona jambo lenyewe jikoni: unafunua sufuria ya chai, mvuke unapanda, na miwani inafunikwa ukungu hata humwoni aliye mbele yako. Hewa yenye joto hubeba mvuke usioonekana. Inapogusa kitu baridi haiwezi tena kuubeba, ikautua juu ya kitu hicho uwe maji. Wapiga picha wa harusi za Diani hukutana nalo kila wanapotoka katika chumba chenye kiyoyozi na kuingia katika fukuto la nje. Lakini la Edmonton ni kubwa zaidi, kwa kuwa siku za Januari kipimajoto kule huweza kushuka hata chini ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri, na sebule ya binti yako itakuwa na nyuzijoto 20 juu ya sifuri. Hata hewa ya sebule hiyo ikiwa kavu, yenye unyevu wa asilimia 30 tu, huanza kuacha umande juu ya chochote chenye ubaridi wa nyuzijoto 2. Kamera yako itaingia ikiwa chini ya hapo kwa mbali, kwa hiyo itafunikwa jalidi kwanza, kisha jalidi itayeyuka iwe maji. Yaliyo nje utayapangusa. Yaliyoingia kati ya vioo vya lenzi, na juu ya kile kibati chenye nyaya za umeme, huwezi kuyafikia.

Niliwahi kuyalipia mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika kibanda kimoja cha mlimani, niliingia jioni nikitetemeka na kuiweka kamera mezani, kando ya jiko lililokuwa likichemsha chai ya watu kumi na wawili. Nilipoitazama tena lenzi ilikuwa nyeupe kama jicho la samaki aliyekaangwa. Nikaipangusa kwa leso, nikaridhika. Kumbe maji mengine yalikuwa yamekwisha kupenya ndani, na nilipotoka nayo saa tisa usiku yakaganda humo humo, pete ya fokasi ikakataa kuzunguka, na macheo niliyoyapandia mlima nikayatazama kwa macho tu. Fundi niliyempelekea kamera jijini aliifungua, akanionyesha doa la kutu juu ya kibati kwa ncha ya bisibisi, kisha akaniambia neno moja: "Imekunywa."

Fanya hivi, Mwalimu. Kabla hujafungua mlango wa nyumba, ukiwa bado nje, itoe kadi ya picha uitie mfukoni, ili usishawishike kuifungua kamera mapema kwa hamu ya kuziona picha. Kisha itie kamera ndani ya chombo kisichopitisha hewa, ukifunge barabara, na ndipo uingie nacho. Hewa iliyofungiwa humo ni ile ya nje, ambayo ni baridi na kavu, nayo haina mvuke wa kutua juu ya kamera. Umande utatua juu ya chombo, na chombo hakina hasara. Kiweke mahali penye ubaridi kiasi, kama vile ukumbini karibu na mlango wa mbele, wala si juu ya kipasha joto, kisha usikiguse kwa muda wa saa mbili, au zaidi ikiwa kamera ni kubwa. Utakapokishika kwa kiganja ukakiona hakina tena ubaridi, kifungue.

Kuhusu chombo chenyewe, vitabu vingi husema mfuko wa plastiki, nawe kule utaupata bila shida, ule wenye kufungwa kwa kubana mdomo. Sisi wa hapa, ambao mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku kwetu tangu Agosti 2017, na ambao tangu Juni 2020 haturuhusiwi kuingia katika hifadhi za taifa na plastiki za kutumiwa mara moja, tumezoea kutumia kontena ya chakula yenye kifuniko cha mpira, ile ile tunayobebea githeri kwenda kazini. Nimeitumia mara nyingi na sina malalamiko, ila iwe imeoshwa na kukauka kabisa. Ukiwa na vile vipakiti vidogo vya chembe za kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya, usivitupe. Viwili vikiwekwa humo hunyonya unyevu kidogo uliobaki. Kanga haitoshi, hata ikikunjwa mara nne, kwa kuwa kitambaa hupitisha hewa, na hewa ndiyo mwizi wetu.

Yakitokea ya kutokea, kamera ikalowa, usiiwashe kuona kama ingali hai, wala usiipulize kwa mashine ya kukaushia nywele. Toa betri, fungua vifuniko vyote, iache juu ya taulo mahali pakavu hadi kesho yake.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa sababu haina kazi nyingi: iache kamera iwe ya nje, na simu iwe ya ndani. Mjukuu umpige picha sebuleni karibu na dirisha, bila flashi, kwa kuwa theluji iliyo nje huurudisha mwanga wa mchana ndani ya chumba ukiwa mpole, usio na vivuli vikali usoni mwa mtoto. Theluji uitokee na kamera. Na kwa safari yenyewe, betri za akiba za lithiamu zisiingie katika sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Zibebe mkononi, kila moja na kifuniko chake, maana ndiyo sheria ya usafiri wa anga.

Swali

Fundi mwenzangu, nina studio ndogo karibu na Barabara ya Luthuli, ninasafisha picha na kutengeneza albamu. Familia moja imeniletea picha za kaka yao aliyefunga ndoa nchini Uswidi wakati wa theluji. Theluji yote imetoka kijivu kama jivu la jikoni, na nyuso za watu wetu ni nyeusi tititi, hata huwezi kumtofautisha mjomba na baba mdogo. Anayeonekana vizuri ni bibi harusi peke yake, ambaye ni wa huko. Wateja wanaamini kwamba baridi iliiharibu kamera. Je, ninaweza kuziokoa? Mdogo wake naye anaoa huko huko mwakani. Niwape ushauri gani?

Mwenye Studio, Luthuli

Jibu

Kamera yao haikuharibika. Ilitii amri iliyofundishwa kiwandani, na amri yenyewe haikuwafikiria watu wetu wakiwa wamesimama juu ya theluji.

Kipimamwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimewekewa dhana kwamba mandhari yoyote, ukichanganya vyeupe na vyeusi vyake, hutoka kijivu cha katikati, kile ambacho kwa desturi ya kazi yetu huhesabiwa kurudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kwa barabara ya Luthuli saa nne asubuhi dhana hiyo hufaa sana. Theluji mpya, hata hivyo, hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga. Kamera ikiuona mwanga wote huo hudhani imemulikwa kupita kiasi, inaupunguza mpaka theluji ifanane na kijivu chake, na kila kilichosimama mbele ya theluji hiyo hushushwa pamoja nayo. Uso wa bibi harusi, uliokuwa mweupe, ulishuka ukafikia wastani, ndiyo maana ukaonekana sawa. Uso wa mjomba, ambao kwa haki yake uko chini ya kijivu hicho, ulishushwa tena ukazama gizani. Mmisionari Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro mwaka 1848, wasomi wa London walimbishia kwa miaka; nami huwaza kwamba hata kama angekuwa na kamera zetu hizi, akaiacha ijiamulie yenyewe, wangempokea kwa kicheko wakisema huo ni mlima wa jivu.

Kuziokoa, basi, kunategemea faili ulizoletewa. Ukiwa na bahati, mpiga picha alihifadhi faili ghafi za RAW. Hizo hubeba ngazi 4,096 au 16,384 za mwanga kwa kila rangi, kutegemea kamera, na ukizipandisha hatua mbili, yaani zile tunazoziita stopu, ambazo kila moja huuongeza mwanga maradufu, nyuso zitajitokeza zikiwa na afya. Ikiwa ni JPEG, yaani faili la kawaida ambalo kamera imekwisha kulibana, na ambalo lina ngazi 256 tu, usizipandishe zote kwa mkupuo mmoja. Anza na theluji: sogeza alama ya weupe mpaka sehemu yenye mwanga zaidi ikaribie ukingo bila kuugusa, na utashangaa jinsi picha nzima inavyofufuka. Kisha chagua nyuso peke yake kwa brashi na uzipandishe kidogo kidogo, ukikoma pale chenga za rangi zinapoanza kuonekana mashavuni. Picha yenye uso mweusi kiasi ni bora kuliko yenye uso wa kijivu unaofanana na simenti. Na nakuomba, usiwageuze rangi watu wa watu ili walingane na bibi harusi. Tumeyaona hayo ya kutosha katika albamu za mjini humu.

Kwa harusi ya mwakani, wape maneno machache. Kwenye kamera kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ambacho kazi yake ni kukisahihisha kipimamwanga. Kwa theluji inayong'aa kwenye jua wakiweke kwenye jumlisha moja na nusu hadi mbili. Kwa siku ya mawingu, au watu wanapoijaza picha kuliko theluji, jumlisha moja hutosha. Wengi huogopa kwamba kwa kufanya hivyo theluji itaungua, yaani itoke weupe mtupu. Haiungui kirahisi. Kati ya theluji nyeupe na uso mweusi wa mtu kuna tofauti ya kama stopu nne hivi, na kamera yoyote ya siku hizi huibeba tofauti hiyo bila kutoa jasho, mradi uiweke mahali pake. Wasiamini macho yao kwenye skrini, kwa sababu mbele ya theluji yenye jua skrini huonekana giza daima, na alfajiri huonekana angavu hata kwa picha iliyozama. Watazame histogramu, ule mchoro wa kilima: theluji iwe kilima kilichojibana upande wa kulia bila kuupanda ukuta.

Tena wampange mjomba vizuri. Theluji yenyewe ni rifleksa, yaani kirudisha mwanga, kubwa kuliko yoyote unayoweza kuinunua Luthuli. Jua likiwa nyuma ya watu, na mbele yao pakiwa na uwanja mpana wa theluji unaopigwa na jua hilo, mwanga huruka kutoka chini na kuwajaza nyusoni, hata kwenye kina cha macho, ambako juani Nairobi huwa tunapahangaikia kwa flashi. Wakiwekwa kwenye kivuli cha kanisa chini ya anga safi, theluji na nguo nyeupe zitatoka za buluu, kwa kuwa kivulini hakufiki mwanga mwingine ila ule wa anga. Hapo wachague mpangilio wa rangi ulioandikwa kivuli, au wapige RAW na wakuachie wewe kazi.

Swali

Nimeambiwa kwamba nikitaka kujua kama kamera yangu inaweza baridi, niiweke katika friza ya duka langu usiku mmoja kabla ya kusafiri. Je, inafaa?

Msomaji, Kawangware

Jibu

Haifai. Vitabu vya maelekezo vya kamera nyingi huahidi kazi kati ya nyuzijoto sifuri na 40, na friza ya duka huwa na kama 18 chini ya sifuri, kwa hiyo utakuwa umeikosesha dhamana bila faida. Zaidi ya hapo, utakapoitoa kwenye hewa ya Kawangware utakuwa umeitendea lile lile ninalomkataza Mwalimu. Itoe soda kwenye friza badala yake, iweke juu ya kaunta, uitazame ikitoka jasho, kisha uinywe.

Swali

Ninakwenda Kilimanjaro na stendi ya miguu mitatu ya chuma. Theluji ikianguka wakati ninapiga, nifanye nini, na je, naweza kuipuliza ikitua kwenye lenzi?

Msomaji, Ngong

Jibu

Usiipulize kwa mdomo kamwe. Pumzi ya mtu ina mvuke na joto, na kwenye kioo baridi hugeuka barafu nyembamba isiyotoka kwa kitambaa. Tumia ile pampu ndogo ya mpira au brashi laini, na ufunge kofia ya lenzi, si kifuniko chake bali ule ukingo unaochomoza mbele yake, ambayo huzuia chembe nyingi zisifike kabisa. Theluji kavu haimkeri mtu. Inayoyeyuka ndiyo ya kuipangusa mara moja.

Ukitaka chembe zionekane zimesimama hewani, kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, iwe 1/500 ya sekunde. Ukitaka ziwe mistari kama mvua, shuka hadi 1/60. Flashi izimwe, maana huzimulika chembe zilizo karibu tu zikawa madoa meupe makubwa mbele ya uso wa mwenzako, na fokasi uiweke kwa mkono, kwa sababu ile ya kujiendesha hukimbilia chembe zinazopita. Filta ya polaraiza, kile kioo cha kukoleza rangi ya anga, iache nyumbani: katika mita 5,895 anga tayari ni nzito, na filta hiyo huigeuza karibu nyeusi.

Stendi ya chuma hunyonya joto la vidole, na kidole chenye majimaji huweza kugandama juu yake, kwa hiyo vaa glavu nyembamba ndani ya zile nene, na uivishe miguu ya juu kitambaa au sponji ya kuzungushia mabomba. Kila unapoikunja, ipanguse maungio yake kwanza, kwa maana theluji iliyobaki humo ikiyeyuka ndani ya hema na kuganda tena usiku wa manane, miguu haitafunguka mpaka jua liwe limekwisha kuchomoza.